SOMO LETU: DUKA DOGO NA KODI YA ONGEZEKO LA THAMANI



Msimu wa karafuu ukimalizika, wengi wetu hurudi kwenye viduka vyetu. Swali tuulizwalo sana ni hili: mwenye duka dogo yampasa ajiandikishe katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile tuiitayo VAT, iliyowekewa sheria hapa Zanzibar mwaka 1998?

Kwanza, mauzo yakifika kiwango cha sheria hapana hiari tena. Na yahesabiwayo ni mauzo yote, si faida. Aliye chini ya kiwango ndiye wa kupima kama aombe au asubiri.

Natufanye hesabu, kodi ikiwa 15 kwa mia. Umenunua ndoo na kamba kwa mwenye jumla aliyejiandikisha: Sh. 200,000 na kodi 30,000. Umeuza Sh. 276,000. Kama hukujiandikisha, faida ni 46,000. Kama umejiandikisha, ndani ya 276,000 mna kodi 36,000. Utakata zile 30,000 ulizolipa, utapeleka Serikalini 6,000, na faida itakuwa 40,000.

Sasa majamvi. Umeyanunua kwa akina mama wasukaji, wasiojiandikisha, kwa 200,000. Ukiyauza 276,000 faida ni 76,000. Ukijiandikisha huna cha kukata. 36,000 zote ni za Serikali, nawe wabakiwa na 40,000. Ukipandisha bei, mwenye kulipa ni jirani yako, naye hana pa kuidai kodi hiyo.

Lakini mnunuzi akiwa hoteli iliyojiandikisha, mambo ni mengine. Yeye huikata kodi hiyo kwa risiti yako, na huenda akamwacha muuzaji asiyeweza kumpa risiti kama hiyo.

Basi kila mmoja ajiulize: Namwuzia nani? Nanunua kwa nani? Nani ataniandikia daftari? Kwani kodi uliyokusanya si mali yako, ni amana. Mwenye kuitumia kulipia wachumaji, siku ya hesabu atakuwa na deni na faini juu yake.

Twawashauri mchukue madaftari yenu mwende ofisi ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar, mkaulize kiwango cha mwaka huu kabla ya kuamua. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.