Safu ya Ushauri: Hofu ya Kutoka Nje na Binti Anayemlinda Mama

Agorafobia ni ugonjwa wa wasiwasi ambao humfanya mtu aogope mahali ambapo anahisi atashindwa kujinasua, au kupata msaada, endapo mwili wake utambadilikia ghafla. Mwongozo wa mwaka 2013 wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani unataja hali tano za namna hiyo, yaani vyombo vya usafiri, maeneo ya wazi, maeneo yaliyofungwa, foleni au umati wa watu, na kuwa nje ya nyumba peke yako. Anayeogopa angalau mbili kati ya hizo kwa miezi sita au zaidi, na ambaye maisha yake yameanza kufungika kwa sababu hiyo, anastahili kuchunguzwa. Msomaji wa Mbagala, mfanyabiashara wa vitenge ambaye kwa zaidi ya mwaka hajakanyaga soko la Kariakoo, anaeleza karibu zote tano, lakini swali lake ni jingine: je, anaelekea kurukwa na akili, au amerogwa, kama baadhi ya ndugu zake wanavyodai?

Barua yake haina dalili ya kurukwa na akili. Kilichompata ndani ya daladala iliyojaa, pale moyo ulipokwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haimtoshi na akaamini kuwa anakata roho, huitwa shambulio la hofu, nalo ni kazi ya adrenalini, homoni ambayo mwili huimwaga ili kumwandaa mtu kupigana au kukimbia, hata pale ambapo hakuna adui wa kupigana naye. Kupumua harakaharaka hupunguza hewa ya kaboni dayoksaidi katika damu, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi na kizunguzungu. Shambulio hufika kileleni kwa dakika chache, kisha hushuka lenyewe. Na ingawa wengi huogopa kuzimia, ni nadra mtu kuzimia katika hali hiyo, kwa kuwa shinikizo la damu hupanda, ilhali kuzimia kwa kawaida huja linaposhuka. Hata hivyo, kabla ya kuridhika na maelezo hayo ni lazima daktari apime moyo, damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huweza kuleta mapigo ya moyo ya namna hiyohiyo.

Shambulio moja halitoshi kumfungia mtu ndani. Kinachomfungia ni nafuu anayoipata anapokimbia. Siku ile msomaji alimwomba konda amshushe, akashuka, moyo ukatulia, na ubongo wake ukahesabu kwamba ameokolewa na kushuka, ilhali hofu ingeshuka hata kama angebaki ndani ya gari. Kuanzia hapo kila mahali alipopakwepa pamezidi kutisha, kwa kuwa hakupata nafasi ya kuona kwamba hakuna baya linalotokea, na mipaka yake ikasogea kutoka Kariakoo hadi kituo cha daladala, kisha hadi duka la mtaani, na sasa imefika kizingitini. Carl Westphal, daktari wa Berlin aliyeuelezea ugonjwa huu na kuupa jina mwaka 1871 kwa kuwachunguza wanaume watatu, aliona kwamba hofu yao ilipungua walipoandamana na mtu, au hata waliposhika fimbo tu. Msomaji naye ana fimbo zake: chupa ya maji, simu isiyotoka mkononi, na binti yake wa miaka kumi na mmoja.

Hapo ndipo penye uchungu mkubwa zaidi katika barua hii, ingawa mwandishi wake anapagusia kwa mstari mmoja tu, kwamba binti huyo hukosa shule baadhi ya siku kwa sababu mama hawezi kubaki nyumbani peke yake. Mama huyu hapaswi kulaumiwa, kwani anayeamini kuwa roho inamtoka hushika mkono wowote ulio karibu. Lakini mtoto anaharibikiwa na masomo, anajifunza kuwa dunia ya nje inaua, na anabebeshwa ulinzi ambao hata mtu mzima ungemchosha. Zaidi ya hayo, ulinzi wenyewe unaulisha ugonjwa, maana kila siku inayopita salama binti ndiye anayepewa sifa ya usalama huo. Kwa hiyo binti arudi darasani wiki hii, bila kusubiri mama apone, na kwa siku za mwanzo mume au jirani mzima akae karibu kwa muda unaopunguzwa kidogokidogo, mpaka mama aweze kukaa peke yake asubuhi nzima.

Tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya kuikabili hofu hatua kwa hatua, ambapo mgonjwa, akisaidiwa na mtaalamu wa saikolojia inapowezekana, huingia kwa makusudi katika hali anayoiogopa, akianza na iliyo nyepesi, na hubaki humo hadi aone kuwa alichokitarajia hakikutokea. Kwa msomaji huyu, kusimama kituoni akitazama magari yakija na kuondoka bila kupanda ni hatua ya kutosha kwa siku kadhaa. Baadaye hufuata kupanda kituo kimoja mchana, wakati gari halina msongamano, kwanza na mume, kisha mume akiwa amekaa kiti cha mbali, kisha bila yeye. Mazoezi ya karibu kila siku hufaa kuliko safari moja ya ujasiri kwa mwezi. Claire Weekes, daktari wa Australia ambaye yeye mwenyewe aliteswa na mapigo ya moyo ya wasiwasi, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1962 kiliwafikia wagonjwa wengi, alifundisha kwamba mtu asipigane na hofu bali aiache ipite mwilini, na kwamba kurudi nyuma ni sehemu ya kupona. Fundisho hilo ni gumu kulipokea, lakini ni la kweli.

Dawa kama sertralini na fluoksetini husaidia wengi, ingawa huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha manufaa, na hazipaswi kuachwa ghafla. Diazepamu hutuliza upesi, lakini huzoesha mwili, na humnyima mgonjwa nafasi ya kujua kwamba hofu ingeshuka bila kidonge. Hospitali ya Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na kutibiwa humo si alama ya wazimu. Dua na sala haziingilii tiba hii, mradi zisigeuzwe kuwa sababu ya kubaki ndani. Ikiwa msomaji ameanza kuwaza kufa, asisubiri mpango wowote wa hatua. Afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Swali lake la mwisho linahusu harusi ya mdogo wake huko Korogwe mwezi Desemba, ambayo anaiogopa tangu sasa. Safari ya basi ya saa nyingi ni ngazi ya juu, na haifai kufanywa mtihani wa kupona au kutopona. Akiwa amekwisha kufika Kariakoo peke yake kabla ya Desemba, apande basi, achague kiti cha katikati badala ya kile cha mlangoni, na awaeleze mapema wanaosafiri naye kwamba hofu ikipanda hawatakiwi kusimamisha gari wala kumpepea, bali waendelee na mazungumzo yao. Akishindwa na kushuka Chalinze, ndugu wasimcheke wala wasimhurumie kupita kiasi. Apumzike, na akirejea Mbagala, kesho yake apande tena daladala ya vituo viwili.