Kusawazisha Gurudumu kwa Kifaa cha Kujitengenezea

Gurudumu la pikipiki lililozidi uzito upande mmoja hutikisa usukani, hulisha tairi vibaya na huchakaza beringi. Katika somo hili tutaunda kifaa cha kuutafuta upande huo, kisha tutajiuliza: je, kifaa chenyewe husema kweli?

Chanzo cha mtikisiko

Tuseme gramu 30 zimezidi kwenye rimu, sentimita 22 kutoka katikati, na nusu kipenyo cha gurudumu zima ni sentimita 30. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 12 kila sekunde. Kani inayouvuta mhimili ni tungamo mara umbali kutoka katikati mara mraba wa kasi ya mzunguko, yaani karibu newtoni 36. Gramu hizo zikitulia, uzito wake ni newtoni 0.3 tu. Mwendo ukipungua hadi kilometa 40, kani hushuka hadi newtoni 9, ambayo ni robo.

Kuunda kifaa

1. Simamisha mbao mbili za sentimita 45 juu ya kitako kizito. Ziachane kidogo kupita upana wa kitovu cha gurudumu.
2. Juu ya kila ubao funga kwa bolti beringi mbili za ukubwa mmoja, zikikaribiana bila kugusana. Mhimili utalala katikati yake.
3. Osha beringi kwa mafuta ya taa ili kuondoa grisi, kisha tia tone la mafuta mepesi.
4. Laza mhimili na uupime kwa pimamaji.

Kusawazisha

Ondoa matope, mawe na sahani ya breki. Weka gurudumu na mhimili wake juu ya beringi, ulisukume polepole, ungoje litulie. Tia alama ya chaki chini kabisa. Rudia mara tatu. Alama ikirudi chini kila mara, hapo ndipo penye uzito. Upande unaokabiliana nao, zungushia spoki waya wa risasi, ukiongeza kidogo kidogo mpaka gurudumu litulie popote unapoliacha. Mwishowe kaza waya usichomoke.

Kukipima kifaa

Gurudumu kutulia si ushahidi wa kutosha, kwani huenda msuguano ndio uliolizuia. Funga gramu 5 kwenye rimu, usawa wa mhimili, kisha achilia. Zisiposhuka, kifaa kinaficha gramu 5 au zaidi: safisha beringi, uanze upya.

Kifaa hiki kinafaa magurudumu membamba. Gurudumu pana la gari laweza kutulia hapa na bado likayumba barabarani, kwa sababu uzito wa upande wa ndani na wa nje hufichana likiwa limesimama. Hilo huhitaji mashine ya kulizungusha.

Maswali

1. Kwa nini gramu 5 zifungwe usawa wa mhimili, si chini kabisa?
2. Kokotoa kani ya gramu 30 kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa.