SOMO LA KIKUNDI: FUNDI WA VISANDUKU VYA SIRI



Katika somo hili tutamtazama fundi wa Japani anayetengeneza visanduku vya mbao visivyo na kufuli wala ufunguo, na bado mtu asiyejua hawezi kuvifungua. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjibu maswali ya mwisho pamoja. Tumelichagua somo hili kwa ajili ya vikundi vinavyouza kazi za mikono: vikapu, vinyago, viti, nguo za kushona. Tunataka tuone ni nini hasa kinachomfanya mnunuzi arudi.

1. Mahali penyewe

Hakone ni sehemu ya milima, magharibi mwa mji mkuu wa Tokyo. Zamani barabara kuu ya Tokaido, iliyounganisha Edo (ndiyo Tokyo ya leo) na Kyoto, ilipita hapo. Watu walisafiri kwa miguu. Walipofika Hakone walipumzika, wakaoga kwenye chemchemi za maji moto, na kununua zawadi ya kupelekea watu wa nyumbani.

Milima hiyo ina miti ya aina nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 fundi mmoja wa kijiji cha Hatajuku, Ishikawa Nihei, alianza kuunganisha vipande vya mbao za rangi mbalimbali ili kutoa mapambo. Baadaye katika karne hiyohiyo, mafundi wa Hakone na mji jirani wa Odawara wakabuni kisanduku cha siri. Mwaka 1984 serikali ya Japani iliyatambua rasmi mapambo hayo ya mbao za Hakone kuwa kazi ya jadi ya nchi.

Jina la Hakone si geni kwa wapenzi wa riadha hapa Kenya. Kila Januari vyuo vikuu hushindana mbio za kupokezana, siku mbili, kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi. Mkenya Joseph Otwori alikimbia humo mwaka 1989, na Wakenya wengine wakafuata. Tangu mwaka 1997 chuo kinachoshinda siku ya kwanza hupewa kikombe kilichotengenezwa kwa mbao hizo za Hakone.

2. Kisanduku hufungukaje?

Ukikishika unaona kisanduku laini kisicho na mfuniko. Lakini ndani ya kuta zake kuna mifereji na vijiti vidogo. Unasukuma kipande cha upande mmoja kidogo tu, milimita chache. Hicho kinaachilia kipande kingine, nacho kinaachilia cha tatu, hadi mwishowe ubao wa juu unateleza na kisanduku kinafunguka. Ukikosea mpangilio, kinakataa. Viko vya hatua 4, vya hatua 7, 10, 21, na hata zaidi ya 70.

3. Siku ya fundi

Kazi huanza kwa kunoa. Randa ya Kijapani huvutwa kuja kwa fundi, haisukumwi kama hizi zetu. Ikiwa butu, inachana ubao, na kazi ya siku imeharibika kabla haijaanza.

Halafu anakata vipande. Hatumii mbao mbichi. Mbao lazima zimekaa zikakauka vya kutosha, kwa sababu ubao mbichi husinyaa na kupinda ukishakuwa kisanduku. Hapa ndipo penye ugumu wote. Kipande kikibana mno, msimu wa unyevu kitavimba na mnunuzi hataweza kukisukuma. Kikilegea, kinatikisika, na mtu yeyote anaiona siri kwa kuguswa tu. Basi fundi anapitisha randa kidogo, anajaribu, anatoa, anapitisha tena. Kazi hii haina njia ya mkato.

Mapambo nayo yana safari yake, na mara nyingi hufanywa na fundi mwingine. Vijiti vya mbao nyeupe, nyekundu, ya manjano, ya kahawia na nyeusi hubandikwa kwa gundi, vikafungwa pamoja hadi vikauke. Hapakwi rangi, rangi zote ni za mti wenyewe. Vifungu hivyo hukatwa na kuunganishwa tena mpaka panatokea bonge moja lenye maua au pembe ndani yake. Kisha bonge hupigwa randa, na kinachotoka ni ukanda mwembamba kama karatasi. Hebu fikirini: yale maranda ambayo sisi huwashia moto jikoni, kwake yeye ndiyo mali! Ukanda hujikunja, kwa hiyo hunyooshwa kwa pasi, kisha hubandikwa juu ya kisanduku. Michoro hiyo pia huficha mahali vipande vinapokutana.

Mwisho anakifungua na kukifunga kisanduku tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kama atakavyofanya mnunuzi.

4. Mafundi wakaungana

Kazi kama hii inaweza kufa na mzee mmoja. Mafundi wa huko waliona hatari hiyo. Mwaka 1999 fundi Akio Kamei na wenzake waliunda kikundi chao cha kubuni visanduku vipya. Kwa miaka mingi wamekuwa na mpango wa kushangaza: wateja wanachama hulipa mapema, na karibu na Krismasi kila mmoja hupokea kisanduku kipya ambacho hajawahi kukiona. Nani hulipia kitu asichokijua? Ni yule ambaye fundi hajawahi kumdanganya.

5. Tunajifunza nini?

Kwanza, mnunuzi haoni kunoa, kukausha wala kujaribu, lakini mkono wake utayajua yote. Kikapu kinachofumuka mwezi wa pili kinafukuza wateja wa kikundi kizima, hata wale waliofuma vizuri. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Pili, siri ya kisanduku inafichwa kwa mwizi, haifichwi kwa mwanafunzi. Kama fundi wenu mmoja akihama au akiitwa na Mungu kesho, kazi isizikwe naye.

Tatu, kazi ya mikono ni heshima. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinawataja mafundi, na kinasema kwamba bila wao mji haukaliki.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika bidhaa yetu, ni hatua gani tunazoziruka tukiwa na haraka ya soko?
2. Nani hukagua kazi kabla haijauzwa? Je, anaweza kukataa kazi ya mwenyekiti?
3. Ni ujuzi gani unaojulikana na mtu mmoja tu kikundini? Nani atafundishwa, na kuanzia lini?
4. Kuna kitu gani tunachokitupa au kukichoma ambacho kingeweza kutumika?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu daftarini. Baada ya miezi 3, yafungueni myasome tena, mwone yapi mmeyatimiza.