Mdogo Wangu Kaniuliza Aombe Chuo Gani

Juzi usiku mdogo wangu alinipigia simu. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, kombi yake ni PCB, dirisha la maombi liko wazi na anataka kusoma baiolojia ili awe mtafiti. "Kaka, niombe wapi?"

Nilikuwa napiga msuli wa testi ya jenetiki, lakini daftari nililifunga palepale. Mimi mwenyewe nilichagua kwa kufuata jina. Nilijaza maombi kwenye kibanda cha intaneti, dakika ishirini, basi. Mwaka wa kwanza mzima nilishika pipeti mara nne (nimehesabu), na hadubini moja tuliigombea watu kumi na wawili: mmoja anatazama, wengine tunachora alichotuambia ameona. Maksi nilipata. Baiolojia sikuiona.

Kwa hiyo nilimwambia asiulize chuo kina maprofesa wangapi, bali mwanafunzi wa mwaka wa pili anaruhusiwa kugusa nini. Chuo kinaweza kuwa na utafiti mkubwa, wafadhili na mashine ya PCR inayong'aa, na vyote hivyo vikawa vya watu wa umahiri na uzamivu. Wewe wa digrii ya kwanza utaiona mashine kupitia kioo cha mlango. Mwongozo wa TCU unaonyesha sifa za kujiunga na nafasi zilizopo. Hayo mengine hutayakuta humo. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu umbane: mradi wako wa mwisho ulihusu nini? Sampuli ulikusanya mwenyewe? Vitendanishi alilipia nani? Akianza kukuambia data alipewa kwenye flashi na kaka mmoja aliyeshamaliza, umeshapata jibu lako.

Halafu baiolojia ina mahali pake. Anayependa bahari ajue kwamba Taasisi ya Sayansi za Bahari ya UDSM iko Unguja tangu 1978. Wa wanyamapori atazame Mweka, kule chini ya Kilimanjaro, chuo kilichoanza 1963. SUA, iliyopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984, ina milima ya Uluguru mgongoni na msitu wake wa Mazumbai huko Usambara, na ndani ya kampasi yake Morogoro APOPO wanawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mdogo wangu yeye anapenda mbu, sijui kwa nini. Taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara inajulikana kwa kazi ya mbu na malaria, ila haitoi digrii ya kwanza. La kuuliza ni kama chuo anachoomba hupeleka wanafunzi huko fildi.

Kuna na suala la yeye mwenyewe. Ni mpole, hawezi kunyoosha mkono mbele ya watu mia nne. Kwenye kampasi kubwa unaweza kumaliza semesta mbili bila mhadhiri hata mmoja kulijua jina lako, na asiyekujua hawezi kukukumbuka akihitaji msaidizi wa kukusanya sampuli likizo. Idara ndogo atakujua, lakini kozi za kuchagua ni chache, na mkigombana na msimamizi hakuna pa kukimbilia. Bumu likichelewa, mji wenye shangazi ni afadhali kuliko mji wenye jina.

Tatizo ni baba. Baba anataka chuo ambacho akikitaja msibani watu wanageuka.

Jana kaniandikia. Amempigia mwanafunzi wa chuo kimoja ambacho pale kijijini kwetu hakuna anayekijua: "Kaka, kwao ni watu watatu kwenye hadubini moja! Baba nitamwambiaje?"

Nimemjibu asiseme kitu. Jumamosi napanda basi, nitaongea na mzee mwenyewe.