Joto la Dar es Salaam: Kivuli, Lami na Walio Hatarini

Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam hupata joto na unyevu kwa pamoja, na huo mchanganyiko ndio unaoumiza. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka bure. Maswali yafuatayo hurudi kila msimu wa joto, na yanayobeba makosa ya hatari zaidi ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa.

Utabiri unasema nyuzi 32 tu. Kuna la kuogopa hapo?

Kosa hili ndilo linalozaa mengine yote. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, mahali pa wazi, juu ya majani. Hupima joto la hewa kivulini. Hakipimi jua linalompiga mchuuzi utosini, wala ukuta ulio nyuma yake unaorudisha joto, wala lami iliyo chini ya ndala zake, ambayo mchana wa jua kali huweza kupita nyuzi 60.

Nyuzi hizo 32, unyevu ukiwa asilimia 70, mwili huzihisi kama 40, na hapo mtu yuko kivulini bado. Jua la moja kwa moja linaweza kuongeza hadi nyuzi 8. Mama ntilie ana jiko la mkaa mbele yake na bati juu ya kichwa; namba iliyopimwa na kituo cha hali ya hewa haimhusu. Watu wawili wa mtaa mmoja, mmoja chini ya mwarobaini na mwenzake juani, huvuta hewa yenye joto karibu sawa, lakini mzigo wa joto unaobebwa na miili yao ni tofauti kabisa. Kwa hiyo anayechora barabara anaamua mambo ya afya, ajue asijue.

Watu wa pwani wamezaliwa na joto. Litawaua vipi?

Mazoea husaidia mwili wenye afya, tena kwa kiasi. Ahmedabad, India, ni mji uliolizoea joto tangu zamani. Mei 2010 joto lilifika nyuzi 46.8, na vifo vya mwezi huo vilizidi vya kawaida kwa 1,344. Mwaka 2013 mji ukawa na mpango wake wa kukabili joto: tahadhari za mapema kwa wananchi na mafunzo kwa wahudumu wa afya.

Mazoea hayamlindi mzee ambaye hasikii tena kiu kama zamani, wala mgonjwa wa moyo, figo au kisukari. Anayemeza vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo hupoteza maji haraka; vidonge visiachwe, bali daktari aulizwe. Kwa mjamzito, joto kali huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Na mtoto mchanga aliyevalishwa sweta na kofia, kisha akafunikwa blanketi mchana wa Januari, hana pa kutolea joto. Avuliwe.

Dawa za "kutoa joto mwilini" zinazouzwa stendi zinafaa?

Hazifai.

Mtu akianguka juani, apewe maji na Panadol?

Kama mwili unawaka na mtu anaongea ovyo au amezimia, hicho ni kiharusi cha joto, na kinaua. Asogezwe kivulini, apunguziwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe mfululizo huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Panadol haina kazi hapa kwa sababu hii si homa. Wanaosongamana kumtazama wanamkinga upepo, waondoke.

Barabara ikipanuliwa, miti lazima ikatwe?

Si lazima, na hasara ya kuikata ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Dar es Salaam iko karibu na ikweta. Mapema Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini, na ukuta hata ukiwa mrefu hautoi kivuli saa hiyo. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar huwa na kivuli asubuhi na alasiri kwa sababu ni vyembamba. Barabara pana haina bahati hiyo. Inahitaji kitu juu ya kichwa: mti wenye matawi mapana au kibaraza. Michikichi ya mapambo inayopangwa katikati ya barabara haimfuniki anayetembea pembeni. Mwarobaini na mkungu hufunika, mradi shina liachiwe udongo wazi wa kupokea maji badala ya kuzungushiwa zege, na mche umwagiliwe hadi ushike.

Kituo cha daladala chenye paa la bati kinatosha?

Bati tupu hushika joto na kuwashushia joto walio chini. Paa liinuliwe, lipakwe rangi nyeupe juu, liwekewe dari, na pande ziachwe wazi kwa upepo wa kaskazi. Pawe na benchi, maana mzee hawezi kusimama nusu saa. Fedha zikiwa chache, kazi ianzie nje ya kliniki za wajawazito, masokoni, na kwenye vituo ambavyo foleni ya mchana husimama juani.