Ua, Fuvu na Mchanga

Katika Nyumba ya Makumbusho ya Tessé, mjini Le Mans, Ufaransa, imo picha ya Philippe de Champaigne, mchoraji aliyefariki mwaka 1674. Vitu ni vitatu tu: ua la tulipu katika chombo cha kioo, fuvu la kichwa, na chupa ya mchanga ipimayo saa. Picha za namna hii huitwa vanitas, yaani ubatili, neno la Kilatini la kitabu cha Mhubiri. Ua limekwisha katwa, ijapokuwa halijanyauka. Ndio uzuri wetu. Fuvu ndio mwisho wetu. Mchanga hushuka punje kwa punje, wala haurudi. Basi sisi, ambao mchanga wetu ungali washuka, tulipe deni, tupatane na ndugu tuliyemnunia. Fuvu halina ulimi wa kuomba radhi.