JENI ILIYOHAMA MAKAO

Ukipanda matatu hapa Kanduyi kwenda Kitale, unaondoka kwenye kimo cha kama mita 1,400 na kushukia karibu mita 1,900. Huko utatafuta sweta. Tofauti hiyo ya kimo ina habari kubwa kuhusu saratani moja ya watoto.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari ya gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali njiani kama zimeona uvimbe kama huo. Ilibainika kwamba karibu na ikweta ugonjwa huo ni nadra juu ya mita 1,500. Uko kwenye joto, mvua na mbu, yaani kwetu.

Mwaka 1964, huko London, Epstein, Barr na Achong walitangaza kuona virusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Lakini virusi hivyo karibu sote tunavyo tangu utotoni, na wala hatuugui! Basi yule mmoja ana nini?

Hebu turudi kwenye bayolojia. DNA ni kitabu cha mapishi kilichofungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakitoki kamwe. Ukurasa unaohitajika hunakiliwa, na nakala hiyo, RNA, ndiyo hupelekwa jikoni kupika protini. Jeni iitwayo MYC, katika kromosomu 8, ni ukurasa unaoiamuru seli igawanyike. Hunakiliwa kwa kiasi.

Sasa mtoto anapougua malaria kila mara, seli zake za kutengeneza kingamwili huchochewa mno. Seli hizi zina tabia ya kukata na kuunga DNA yao ili kuboresha kingamwili, na hapo ndipo ajali hutokea. Mara nyingi kipande chenye MYC huhamia kromosomu 14, kando ya jeni za kingamwili ambazo hunakiliwa usiku na mchana. MYC nayo inanakiliwa vivyo hivyo. RNA zinamiminika jikoni, seli inagawanyika bila breki. Virusi navyo huisaidia isife, na hutoa RNA zao ndogo, EBER, ambazo maabara huzitafuta ili kuvitambua.

Uvimbe huu unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili tu. Nyumbani meno yakilegea, mmoja husema ni jino bovu, mwingine anataja urogi, na wiki inapita hivyo. Kumbe hii ni mojawapo ya saratani zinazosikia dawa vizuri, na Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, watoto wanatibiwa. Saiklofosfamaidi imetumika tangu miaka ya 1960. Inafaulu kwa sababu ya kasi ileile ya uvimbe, maana dawa hizi hushambulia hasa seli zinazogawanyika.